Vipimo vya Bi Tiara

Haya alinisimulia Mama Kijiti mwenyewe, yule fundi cherehani, Jumamosi aliyokuja nyumbani kunipunguzia mapazia. Alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo alisimulia vipande vipande, nami sina pa kukimbilia, nikamngoja mpaka pini zikaisha. Ninayaandika kama nilivyoyasikia. Pale nilipotia chumvi, nimetia ya kuonja tu.

Duka lao ni chumba kimoja chenye mlango wa bati na dirisha la kioo. Ndani mna cherehani mbili, ya miguu na ya umeme, meza ndefu ya kukatia, pasi, kioo cha kusimama chenye ufa pembeni, na waya uliovutwa ukuta hadi ukuta wa kutundikia nguo zilizokwisha. Wanaofanya kazi humo ni ndugu wa tumbo moja. Mkubwa mtaa mzima unamwita Dada, hata wazee waliomzidi umri. Mdogo wanamwita Mama Kijiti, kwa ajili ya binti yake wa pekee, mrefu, mwembamba, ambaye tangu utotoni akisimama upande ni vigumu kumwona.

Baba yao alikuwa fundi, naye aliwaachia duka na sheria mbili. Ya kwanza, mwili wa mteja haujadiliwi. Baba aliwahi kumuuliza bwana mmoja bega lake moja limeshukaje. Yule bwana akachukua kitambaa chake akaondoka, na ukoo wake wote ukahamia kwa fundi mwingine. Tangu siku hiyo ikawa marufuku. Vipimo vikisema mtu ana shingo ya inchi thelathini, wewe kata shingo ya inchi thelathini na ufunge mdomo. Ya pili, nguo ikiisha, vipimo vinafutwa. Baba aliandika oda kwa chaki ubaoni, na kila nguo ilipokwisha alipitisha kitambaa chenye maji, kwa sababu aliwahi kumshonea mtu koti moja mara mbili.

Siku hizi ubao hakuna. Wana simu moja kubwa ya duka, na ndani yake programu ya kuandikia mambo, ile yenye vijikaratasi vya rangi. Kila oda ina kijikaratasi chake: jina la mteja, kitambaa, vipimo. Mama Kijiti ndiye anayeandika. Dada husoma, hukata, hushona, kisha hufuta. Na Dada akifuta hafuti nusu. Programu ile ina pipa lake la taka, ambamo vitu vilivyofutwa hulala mwezi mzima, mtu asije akajuta. Dada huingia humo kila jioni kabla ya kufagia duka, akalimwaga. Hawezi kufunga mlango akijua ndani kuna taka, hata kama taka yenyewe haishikiki.

Sasa tuje kwenye maneno ya siri.

Kijiti alikuwa anatafuta nafasi katika chuo cha kutengeneza meno ya bandia. Mwaka wa kwanza alipata nafasi, akasahau neno la siri la kufungulia ukurasa wake wa chuo, siku ya kuthibitisha ikapita huku anabofya. Mwaka wa pili aliliandika kwenye karatasi, karatasi ikafuliwa ndani ya mfuko wa suruali. Mwaka huu wa tatu mama yake akasema, "Safari hii nalichagua mimi na kulitunza mimi." Kijiti hakutaka hata kulitazama. Alisema akiliona tu atalipoteza. Basi mama mtu akaliandika kwenye simu ya duka, katika kijikaratasi chekundu, juu kabisa kimeandikwa MANENO YA SIRI.

Kijiti alipopita nyuma yake akaona kichwa kile, akajishika kiuno. "Mama, si ungechora na mshale kabisa? Mwizi akifungua hiyo simu hata kutafuta hatafuti."

Maneno yale yalimkaa. Mama Kijiti alipiga pasi suruali mbili nzima huku anawaza, mwisho akapata akili ambayo aliona hakuna mwizi wa kuiweza. Maneno ya siri angeyaficha katikati ya wateja. Akambuni mteja, akampa jina Bi Tiara. Neno la siri la chuo likawa Tiara, likifuatwa na vipimo vya huyo bibi kutoka juu kwenda chini: mabega, kifua, kiuno, mkono, urefu. Namba alizichagua makusudi zisifanane na za binadamu, ili asije akamchanganya na mteja wa kweli. Neno la siri la barua pepe ya Kijiti nalo likapata mteja wake, Mzee Nundu, ambaye mguu wake mmoja ulimzidi mwenzake kwa inchi nne. Kisha akakifuta kile kijikaratasi chekundu, akatembea siku zile kama mtu aliyezika dhahabu uani.

Hakumwambia mtu, hata Dada. Siri ni siri.

Haukupita muda, mama mkwe wake akateleza akavunjika mguu, ikabidi Mama Kijiti aende kumuuguza. Akiwa mlangoni na begi lake, akageuka. "Dada, oda zote zilizomo kwenye simu zimalize. Usiache hata moja."

"Lini niliacha?" Dada akajibu.

Huko alikaa siku tisa, mahali ambapo simu hushika mtandao ukiwa juu ya tangi la maji tu, naye hakuwa na nafasi ya kupanda tangi. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, alirudi moja kwa moja dukani. Alimkuta Kijiti amekaa kwenye stuli, simu yake mapajani.

"Shikamoo mama. Bibi anaendeleaje?"

"Marahaba. Anaendelea, anawatukana wauguzi. Kuna nini?"

"Nafasi nimepata." Alisema bila furaha, kama anayetaja ugonjwa. "Mwisho wa kuthibitisha ni leo saa kumi jioni. Asiyethibitisha, nafasi inakwenda kwa anayefuata, na mwaka wa nne hawapokei, wanasema umri umepita. Jana nilikukosa kwenye simu, nikajaribu kukisia. Nimekosea mara moja. Zimebaki mbili, baada ya hapo ukurasa unafungwa mpaka kesho."

"Tulia, mwanangu. Liko mahali salama kuliko benki."

Mama Kijiti akaweka begi chini, akachukua simu ya duka, akafungua programu. Palikuwa peupe. Hapakuwa na kijikaratasi hata kimoja. Akafungua pipa la taka. Lilikuwa safi kama sahani iliyolambwa.

"Dada," akasema taratibu, "Bi Tiara yuko wapi?"

Dada hakuinua kichwa. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. "Kachukua gauni lake juzi."

"Gauni gani?"

"La kijani lenye vitone. Uliandika kijani chenye vitone, nikakata kijani chenye vitone. Mikono ilinitoa jasho, mdogo wangu. Inchi thelathini na nane. Kitambaa kikapungua, nikaunga kwenye kiwiko, lakini huwezi kuona labda nikuoneshe."

Mama Kijiti akavuta kiti akakaa. "Dada, Bi Tiara hayupo."

"Si nimekwambia kaondoka nalo? Atakuwepo vipi?"

"Hayupo duniani. Nilimbuni."

Dada akavuta uzi, akafunga fundo, akaukata kwa meno. "Basi ulimbuni vizuri, maana gauni limemkaa."

Mama Kijiti alimweleza yote, tangu kijikaratasi chekundu. Dada alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayeelezwa njia ya mji ambao hana safari nao. Alipoulizwa ilikuwaje mtu huyo akaja, alisema aliitundika nguo dirishani na kuibandika jina kwa pini, kama nguo yoyote iliyokwisha. Mwanamke mmoja akapita, akasimama, akasoma jina. Akaingia akasema, hilo langu. Akavaa. Akajitazama kwenye kioo muda mrefu mpaka Dada akamletea kiti.

"Na hukushangaa mwili wenyewe?"

"Mwili wa mteja haujadiliwi," Dada akasema, na akamtazama mdogo wake kwa jicho la baba yao.

"Na Mzee Nundu?"

"Alikuja Jumanne. Suruali kaisifu sana, kasema hajawahi kutembea bila kukunja mguu mmoja. Kasafiri nayo, harudi mpaka mwezi ujao."

Kijiti alishika kichwa. "Mama Mkubwa, umezishona paswedi zangu?"

"Mimi nashona nilichoandikiwa, mwanangu. Na nimeambiwa nisiache hata moja."

Hapo hapakuwa na wa kulaumiwa ila mwenye begi, naye alijua. Alijaribu kuzikumbuka namba. Mabega kumi na tisa, hiyo alikuwa nayo, kwa sababu ndiyo miaka ya Kijiti. Mkono thelathini na nane, Dada kaitaja mwenyewe kwa uchungu wa kitambaa. Zilizobaki tatu zilikuwa zimekwenda. Alizichagua zisikisike, na sasa yeye mwenyewe hakuweza kuzikisia. Dada naye alisema vipimo vikifutwa kwenye simu, kichwani mwake vinafutika pia, la sivyo angekuwa ameshapata wazimu zamani. Neno jipya lingeletwa kwa barua pepe, nayo barua pepe ilikuwa imesafiri na suruali ya Mzee Nundu. Wakapiga simu chuoni. Ikawapigia muziki robo saa, kisha sauti ya mwanamke ikawaambia mambo yote yanapatikana kwenye ukurasa, ahsante.

"Basi tumfuate mwenye mwili," Mama Kijiti akasema. "Anakaa wapi?"

"Anakokaa sijui. Anakofanya kazi najua. Alikuwa ananukia mkate mpaka nikaona njaa."

Kiwanda cha mikate kilikuwa mwisho wa barabara ile ile, baada ya fundi viatu na duka la vioo. Walikwenda wote watatu, Dada na tepu shingoni. Joto lilianzia mlangoni. Wanaume wawili walikuwa wanakanda unga, na mbele ya tanuri, mgongo kwao, amesimama mwanamke mwenye gauni la kijani lenye vitone, aproni juu yake.

Mama Kijiti alishikwa na butwaa. Alikuwa anazitazama namba zake zikitembea. Juu mpana kama mlango, katikati amebanwa kama shingo ya chupa, na mikono, jamani, mikono ile iliingia ndani ya tanuri hadi kwenye trei za mwisho kabisa, ambazo watu wengine huzivuta kwa mti wenye ndoano. Alizivuta kwa viganja vyenye glavu, bila kuinama.

"Bi Tiara," Dada akaita.

Yule mwanamke akageuka, uso ukafunguka. "Fundi wangu. Karibuni. Nimelivaa kazini, nilishindwa kuliacha nyumbani."

"Kwapani halibani?"

"Halibani popote."

Kijiti akaamkia, shikamoo, akaitikiwa marahaba vizuri. Mama Kijiti akajikaza. "Dada yangu, samahani, tumekuja na ombi dogo. Tunaomba tukupime."

Uso ule ukafunga. Bi Tiara aliweka trei mezani, akavua glavu moja moja. "Gauni limeshanikaa. Mnanipima la nini?"

"Ni namba tu tunazihitaji."

"Mafundi saba wamenipima maishani mwangu," Bi Tiara akasema, sauti ya chini ili wale wa unga wasisikie. "Kila mmoja alipima mara mbili, hakuamini tepu yake. Wa nne alimwita mwenzake aje aone. Wa saba alipiga picha. Huyu Dada hapa ndiye wa kwanza kunishonea bila kunigusa. Nililiona pale dirishani, na jina langu, jina walilonipa shuleni darasa la pili, nikasema kumbe yuko mtu alinitazama akapita asiseme kitu, akaenda kukata kitambaa. Sasa mnanifuata na tepu mpaka kazini?"

Mama Kijiti aliona hakuna uongo utakaomfaa pale. Akaumwaga mtama wote. Alieleza chuo, na saa kumi, na vijikaratasi, na wateja wa kubuni. Wale wakandaji waliacha kukanda.

Bi Tiara alijitazama kutoka kifuani hadi miguuni. "Yaani mwili wangu ni paswedi."

"Ndiyo."

"Ya binti huyu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nikinenepa, mtoto hasomi."

"Leo tu, dada yangu. Kesho nenepa unavyotaka."

"Na hizo namba ulinitazama mimi wapi ukazipata?"

"Sikumtazama mtu." Mama Kijiti alikuwa amechoka, na mchovu husema kweli kabla hajaipima. "Nilitafuta namba ambazo hakuna mtu anazo."

Alijua kabla hajafika mwisho wa sentensi kwamba ameharibu. Dada alifumba macho. Tanuri likalia peke yake.

"Mimi ninazo," Bi Tiara akasema.

Bi Tiara akamgeukia Kijiti, akamtazama kutoka juu kwenda chini, safari ndefu na nyembamba. "Unakwenda kusomea nini?"

"Meno ya bandia."

"Kwa nini meno, katika vitu vyote?"

Kijiti akaona haya. "Bibi yangu, mzaa baba. Tangu meno yamwishe akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Walimtengenezea seti moja, yakawa makubwa, akazungumza nayo yakamtoka mbele za watu. Hataki tena kusikia. Nataka nimtengenezee yanayomkaa."

"Yanayomkaa," Bi Tiara akarudia. Akavaa glavu zake tena. "Saa saba natoka. Nakuja dukani kwenu. Hapa sipimwi, wanaume hawa watasimulia mpaka Krismasi."

Alifika saa saba na nusu. Akaenda nyuma ya pazia, akatoka amejifunga shuka nyepesi, gauni mkononi. Mama Kijiti alianza na mabega: kumi na tisa juu ya alama. Mkono: thelathini na nane. Urefu: sitini na moja, na alipoisoma tu akakumbuka kwamba kweli mwisho palikuwa na sita na moja. Moyo ukaanza kupanda. Akashuka kiunoni, tepu ikagusa, na Bi Tiara akaruka.

"Nini?"

"Natekenyeka."

Wakajaribu tena. Akajikaza, akang'ata mdomo, halafu akapasuka kwa kicheko, kifua kikavimba, tepu ikasoma hamsini na nne. Ikarudi hamsini na tatu. Ikapanda tena. Kiunoni ikasema kumi na nane, na kumi na tisa, na mara moja kumi na saba na nusu, kama mzani wa sokoni uliochezewa.

"Umekula?" Dada akauliza.

"Mikate iliyopasuka hatuuzi, tunakula wenyewe. Nimekula miwili. Mitatu. Kwani?"

Wakaligeukia gauni. Dada alilitandaza, wakapima: kifua hamsini na nne, kiuno kumi na tisa.

"Toa nafasi ya kupumua," Mama Kijiti akasema. "Ulimwachia ngapi?"

"Inategemea mtu. Msemaji namwachia inchi mbili, maana anavuta pumzi sana. Mkimya moja inamtosha."

"Na huyu?"

"Huyu nilikuwa sijamwona."

"Sasa ulimwachia ya msemaji au ya mkimya?"

Dada alifikiri kwa haki kabisa. "Nilimkisia tabia kutokana na kitambaa. Mtu wa vitone nilimwona mkimya. Nafikiri moja."

Ukitoa moja unapata hamsini na tatu na kumi na nane. Tepu nayo ilikuwa imeyasema hayo hayo kati ya kicheko na kicheko. Mama Kijiti aliona mashahidi wawili wanatosha. Akaandika kwenye simu ya Kijiti, Tiara, kumi na tisa, hamsini na tatu, kumi na nane, thelathini na nane, sitini na moja. Akabofya.

Ukurasa ukasema amekosea, imebaki mara moja.

Kijiti hakulia. Alikwenda kusimama mbele ya kile kioo chenye ufa, akajitazama kama anayemtazama mtu aliyechelewa. Mama yake alimwona mgongo. Mwaka wa kwanza kosa lilikuwa la mtoto, wa pili kosa lilikuwa la mtoto. La mwaka huu lilikuwa lake mwenyewe.

Bi Tiara alipiga mwayo mkubwa, akaziba mdomo. "Msinione sijali. Saa hizi mimi huwa nimeshalala. Nimesimama mbele ya tanuri tangu saa tisa usiku."

Dada akamtazama. Akautazama ule mwayo ukiisha. "Aliyelala hatekenyeki," akasema.

Waliiondoa mikasi na chaki mezani. Wakatandika pamba ya koti, juu yake shuka. Dada, ambaye kazi haimpotei hata akiwa na wazimu, akalaza tepu mbili mezani kabla, moja mahali pa kifua, moja mahali pa kiuno, ncha zimening'inia, ili mtu akishalala juu yake zizungushwe tu bila kumwinua. Bi Tiara akapanda, akalala chali. Meza ilimtosha ila mikono. Ikaning'inia huku na huku, viganja vikagusa sakafu.

"Nikikoroma mniamshe," akasema, na kabla hajamaliza alikuwa anakoroma.

"Sasa tungoje mkate ushuke," Dada akanong'ona.

Wakangoja. Cherehani hazikuweza kuguswa kwa kelele. Pasi ilizimwa kwa sababu ilikuwa inapuliza. Bwana mmoja alikuja na suruali yenye zipu iliyokwama, tena ameivaa. Kijiti akamwekea kidole mdomoni, akamwonesha meza. Yule bwana akaiona ile mikono, akavua kofia, akasema kwa sauti ya msibani, "Poleni sana," akarudi nyuma polepole, kofia kifuani. Hakuna aliyemsahihisha.

Saa nane. Saa tisa. Bi Tiara alisema kitu usingizini, akacheka, kifua kikapanda, kikashuka. Mama Kijiti alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na kiuno kile, macho kwenye saa ya ukutani. Mtu aliyeuguza siku tisa anajua kukaa. Lakini ndani alikuwa anahesabu kitu kingine: akipima mapema, mkate bado. Akichelewa, chuo kimefunga. Na hakuna mtu hata mmoja wa kumuuliza.

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili alisimama. Akashika ncha mbili za tepu ya kiuno, akazileta pamoja juu, taratibu, bila kubana. Bi Tiara akavuta pumzi: kumi na saba na nusu na ushee. Akatoa: kumi na saba.

"Ya kuvuta au ya kutoa?" Kijiti akanong'ona.

Mama Kijiti alimtazama Dada. Dada akamtazama yeye. Wote wawili walikuwa wanamwona baba yao amepiga goti mbele ya mteja, penseli sikioni, anasema toa pumzi mzee wangu, toa yote, usinidanganye.

"Ya kutoa," wakasema pamoja.

Kifua, pumzi ikiwa imetoka, kilikuwa hamsini na mbili. Mama Kijiti alipima tena. Ghafla akakumbuka ya mafundi saba, akaona haya, akaiacha tepu.

Alichukua simu. Kijiti aliikataa, akarudi nyuma. Akaandika mama mtu, namba moja moja, midomo inatamka. Tiara. Kumi na tisa. Hamsini na mbili. Kumi na saba. Thelathini na nane. Sitini na moja. Kidole kikasimama juu ya kitufe.

"Bofya, mdogo wangu," Dada akasema. "Hata ukingoja haitapungua."

Akabofya. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, halafu ukurasa ukafunguka, na juu yake jina la Kijiti zima, la cheti, ambalo hata mama yake huchukua muda kulitambua. Chini kitufe cha kijani: Nathibitisha. Kijiti akakigonga kwa nguvu kama anaua mbu. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nne.

Walifurahi kimya kimya. Wewe fikiri watu watatu wanaruka bila kutua. Dada alimkumbatia mpwa wake akamnyanyua, na kwa wembamba ule si kazi.

Ukurasa ukawaambia, kwa usalama, wachague neno la siri jipya. Mama Kijiti akanyoosha mkono. Kijiti akaipeleka simu kifuani, akageuka ukutani, akaandika mwenyewe.

"Umeliandika wapi?" mama akanong'ona.

"Sijaliandika."

"Ukilisahau?"

"Nikilisahau nitakwenda chuoni kwa miguu nigonge geti. Nafasi sasa ni yangu, watanifungulia."

Mama Kijiti akaushusha mkono. Lilikuwa jibu zuri. Lilimuuma kidogo, kisha likaacha.

Kazi haikuwezekana tena siku ile, maana meza ilikuwa na mtu, na mtu mwenyewe hakuna aliyekuwa na roho ya kumwamsha. Dada aliegemeza paji la uso kwenye cherehani ya umeme, apumzishe macho, alisema, na macho yakapumzika mpaka mdomo ukaachama. Kijiti akajilaza juu ya marobota ya kitambaa, simu chini ya shavu, ghafla, kama taa iliyozimwa.

Mama Kijiti akabaki na macho yake. Alilitundika gauni la kijani kwenye waya, akaona ile sehemu iliyoungwa kwenye kiwiko, na kweli haikuonekana. Akautazama mkono wa Bi Tiara uliofika chini, kiganja wazi juu ya saruji. Saruji ni baridi. Akakunja kipande cha flaneli mara nne, akakiinua kiganja, akakiweka juu yake. Bi Tiara hakucheka. Mama Kijiti akazunguka meza, akaufanyia na mkono wa pili vivyo hivyo.

Nje fundi viatu alikuwa bado anapigilia. Mama Kijiti alikaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza, akavua viatu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alitaka kuwaza alikoficha vitu vingine, akaona hana alichoficha tena popote. Siku tisa za mama mkwe zikamjia zote kwa pamoja, magoti kwanza, kisha mabega, kisha kope. Nyundo ya fundi viatu ikapiga, ikapiga, naye hakuisikia ilipoacha.